Figili Katikati ya Barua

Yokohama, 20 Aprili

Babu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepoa kidogo kwa kuwa theluji ya huko imeisha. Huku maua ya micheri yalidondoka siku ileile shule ilipofunguliwa, yakalowa mvua, yakatugandia kwenye viatu. Mama hajambo. Bado anakunja maandazi ya nyama katika mkahawa ule wa mtaa wa Wachina, na vidole vyake vinanuka tangawizi hata akitoka kuoga. Baba naye hajambo. Anaondoka kabla sijaamka, anarudi nikiwa nimeshakula. Anakusalimu.

Mimi sasa niko sekondari ya juu. Kule shule ya Wachina tulisoma kwa lugha mbili, na nikikosa neno upande huu nililichukua upande ule. Hapa ni Kijapani kitupu, kwa hiyo najiona nina nusu tu ya maneno yangu. Siku ya kwanza mwalimu alisema kila mtu ajitambulishe. Wenzangu wakaeleza wanapenda muziki gani, wana paka wangapi. Mimi nikataja jina, nikakaa.

Babu, lile sanduku la dawa ulilotuletea tulipohamia hapa bado lipo juu ya kabati la jikoni. Dawa ya kikohozi imekwisha. Dukani siku hizi wanamuuliza mtu umri na jina na maswali mengi, naona haya. Kama si usumbufu, unaweza kututumia nyingine?

Mjukuu wako,
Chizuru


Namerikawa, 3 Mei

Mjukuu wangu Chizuru,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza bila miwani maana sikuweza kungoja. Goti linaniheshimu siku za jua. Wale ngisi wadogo wanaowaka baharini wamekuja kwa wingi mwaka huu. Bi Sawa wa jirani aliniletea bakuli, akanikuta nimepindua droo nzima natafuta bahasha.

"Mzee Tokuji," akasema, "umepata mchumba?"

"Nimepata mteja," nikamwambia.

Alicheka mpaka mchuzi ukamwagika mkekani. Ameusafisha mwenyewe, lakini bado panateleza.

Ni kweli, umenifanya muuza dawa tena. Miaka arobaini na moja nilizunguka na dawa za mkoa wetu wa Toyama, nyumba kwa nyumba. Unaacha sanduku limejaa, unarudi baada ya miezi sita kuona kilichotumika, unajaza. Tangu nistaafu hakuna aliyeniambia "imekwisha." Hujui neno hilo lilivyo tamu kwa mzee kama mimi. Nimekwenda ghalani kwa wenzangu wa zamani nikachukua pakiti kadhaa. Nimeweka na maputo ya karatasi, yale niliyokuwa nawapa watoto wa wateja. Najua umekua. Yapulize tu.

Mwambie baba yako, Noboru, avae skafu, mkaidi yule. Na mama yako umsomee barua hii kwa lugha yake ya Kichina, kama kawaida yako, maana mwandiko wangu wa brashi humtesa macho.

Andika tena.

Babu yako,
Tokuji


Yokohama, 12 Juni

Babu, shikamoo.

Mvua zimeanza na nguo hazikauki. Mama ametandaza soksi zetu mpaka juu ya jiko la wali. Barua yako nilimsomea jikoni, akacheka pale kwa Bi Sawa, akasema huyo mama anakutaka. (Samahani, ni maneno yake.) Baba anakusalimu.

Maputo nimeyapuliza. Moja lenye mistari myekundu nimelining'iniza juu ya kitanda. Usiku upepo wa dirishani ukilipiga linatoa sauti kama mtu anayefunua ukurasa.

Sikukwambia, nina rafiki tangu wiki ya kwanza ya shule. Anaitwa Kurumi, yuko darasa letu, naye hapendi kelele. Saa ya chakula tunakaa ngazi za nyuma, hatuongei sana. Wengine wananiita "Mchina" wakinipita, si kwa ubaya nadhani, wanacheka tu. Kurumi aliniambia, "Usiwasikilize." Nikamuuliza, "Nisiwasikilize vipi na masikio ninayo?" Akasema ipo njia.

Dawa imekwisha tena. Anayekohoa ni Baba.

Mjukuu wako,
Chizuru


Namerikawa, 1 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Joto limefika na mimi nashinda na taulo shingoni. Bi Sawa nimemfikishia salamu za mama yako kama zilivyo. Hajanijia siku mbili.

Dawa nimeweka, utaikuta chini ya biskuti.

Noboru utotoni hakuwa mtu wa kifua. Alikuwa mtu wa tumbo. Lakini watu hubadilika, na mimi sikuwepo sana kumtazama. Nusu ya mwaka nilikuwa milimani kwa wateja.

Nimekumbuka jambo moja. Katika nyumba za watu sikufungua sanduku mpaka wote waketi: bibi, mwana, mkwe, watoto, hata aliyenuna. Nilikaa pale mlangoni panapovuliwa viatu, sikuingia ndani, nikangoja. Nikishawaona wote ndipo nafungua na kuuliza nani aliumwa, nani hakulala. Mtu mmoja akikufungulia peke yake hakuambii yote. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Pengine ni joto.

Andika.

Babu yako,
Tokuji


Yokohama, 9 Agosti

Babu,

Salamu. Dawa imekwisha. Ukiweza, wiki hii.

Chizuru


Yokohama, 6 Septemba

Babu, shikamoo.

Ile barua yangu ya Agosti labda ilipotea. Labda unaumwa. Mama anauliza mbona Babu kimya, nami nikamwambia ni joto. Samahani kwa nilivyoandika siku ile, hata salamu sikuweka vizuri.

Shule imefunguliwa. Kurumi hayupo. Alianguka kwenye ngazi za stesheni wiki iliyopita, gari la wagonjwa likamchukua. Mwalimu ametuambia anaumwa tumbo. Nakaa kwenye ngazi peke yangu sasa.

Mimi siumwi.

Kama dawa haipo, niandikie tu kwamba haipo.

Chizuru


Namerikawa, 19 Septemba

Mjukuu wangu Chizuru,

Kosa si la posta. Barua zako zote mbili ziko hapa chini ya redio. Nimeanza kukujibu mara nne, na mara moja nilifika hadi kwenye sanduku la posta, nikarudi nayo.

Mpunga umevunwa. Bi Sawa amenisamehe. Goti liko vilevile.

Sehemu inayofuata uwasomee mama yako na Noboru, wote wawili wakiwa wameketi. Usiruke.

Nilijua tangu Juni. Mtu aliyefanya kazi yangu anajua nyumba ya watu watatu inakohoa kiasi gani. Nilizokutumia zingewatosha watu wa nyumba kumi. Katika nyumba za wageni ningeuliza siku hiyohiyo nani anazinywa, na anazinywa kwa nini. Nimewahi kuuliza hivyo mara mbili katika kazi yangu. Mara zote mbili mama wa nyumba alilia, na mara zote mbili nilishukuru kwamba niliuliza. Kwako sikuuliza. Julai nilituma tena nikiwa najua.

Sababu yake ni aibu, nayo ni hii. Kila dawa ilipokwisha, barua ilikuja. Niliogopa nikiacha kutuma, utaacha kuandika. Nilikulisha dawa ili nipate barua. Kosa hilo ni langu, mzee wa miaka sabini na tisa, wala si lako.

Sitatuma tena. Nendeni kwa daktari, wote watatu. Usiende peke yako, na usijaribu kujitibu kimyakimya. Mtoto aliyefika hapo hatoki kwa nguvu zake tu. Sijakukasirikia.

Hapo ndipo mwisho wa sehemu ya kuwasomea.

Babu yako,
Tokuji


Yokohama, 2 Oktoba

Babu, shikamoo.

Natumaini uko salama. Hewa imeanza kupoa, na harufu ya yale maua madogo ya manjano imejaa njia nzima ya kwenda shule.

Barua yako nimemsomea Mama jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Anashukuru sana. Baba pia anakusalimu. Mama amenunua figili sita, zile ndefu nyeupe, amezianika kwenye roshani.

Dawa sitaki tena. Nimeshaacha. Kwa hiyo usijisumbue, na usifikirie kusafiri na goti hilo.

Mjukuu wako,
Chizuru


Namerikawa, 21 Oktoba

Mjukuu wangu,

Barua nimeipata. Ndizi anazouza Bi Sawa dukani kwake zimepanda bei naye analalamika kama vile anazinunua kwangu.

Mama aliyesomewa maneno yale hanunui figili.

Nitakuja tarehe 18 Novemba, nikishamaliza kuyafunga kamba matawi ya misonobari kabla theluji haijayavunja. Nitabeba kapu langu la kazi. Waambie wawepo. Usipowaambia, nitakaa mlangoni mpaka wafike.

Tokuji


Yokohama, 25 Novemba

Babu, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na maandazi ya Mama hayakuvuja kwenye kapu. Sisi wazima. Nitakwambia uzima wa namna gani.

Sikio lako la kushoto halisikii, na Mama akikasirika huhamia Kichina chote. Kwa hiyo siku ile yalisemwa mengi mbele yako usiyoyapata. Tangu nikiwa mdogo mimi ndiye mtu wa katikati katika nyumba hii, naamua lipi livuke na lipi lisivuke. Leo nayavusha yote. Nisamehe mwandiko, mkono bado unatetemeka kidogo asubuhi.

Kwanza, sikumwambia mtu kwamba unakuja. Kila siku nilisema nitasema kesho. Kengele ilipolia saa nane, Mama alifungua akiwa na taulo kichwani. Wewe ukapiga magoti palepale kwenye viatu, ukaweka kapu lako lenye kitambaa cha kijani, ukasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, "Hodi! Muuza dawa wa Toyama. Wenyewe wote wapo?"

Mama akaniuliza, "Babu yako amechanganyikiwa?"

"Hapana."

"Basi mwambie aingie! Majirani watasema tunamweka mkwe mlangoni kama muuza magazeti!"

Nilichokwambia wewe ni, "Mama anasema karibu."

Hukuingia. Uliuliza Noboru yuko wapi, nikasema kazini mpaka jioni, ukasema unangoja. Saa tatu nzima, Babu! Mama alikuletea mto, akakuletea chai, akakuletea supu, ukainywa hukohuko kati ya viatu vyangu vya shule na mwavuli. Akirudi jikoni alikuwa akinong'ona, "Mkaidi huyu. Sasa najua Noboru kaupata wapi." Kisha akampigia Baba simu na kusema sentensi moja tu ya Kijapani, "Baba yako yuko kwenye viatu, njoo."

Baba alifungua mlango ukakugonga mgongoni. Samahani kwa hilo pia. Akasimama na mkoba wake, akakutazama. Akasema, taratibu, "Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa unakaa kwa watu."

Wewe ukasema, "Eeh?"

Naye akasema, "Nasema karibu."

Nilimtazama Baba. Kumbe si mimi peke yangu ninayebadilisha maneno nyumbani kwetu.

Halafu tukakaa wote wanne pale pembamba, magoti yakigusana, ukafungua sanduku letu la dawa alilolileta Mama kutoka jikoni. Pakiti zilikuwa zimejipanga vizuri. Nilizikunja mwenyewe upya baada ya kuzimaliza, ili Mama akifuta vumbi asione pengo. Mama akasema, "Mbona zimejaa?" Ukachukua tatu, ukaweka moja kiganjani kwake, moja kwa Baba, moja kwangu. Hazikuwa na uzito wowote. Nilimwona Baba anakipandisha kiganja na kukishusha, kama anapima barua ya posta.

"Nani anakohoa katika nyumba hii?" ukauliza.

"Si mimi," akasema Baba.

"Si mimi," akasema Mama.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Kijapani hakikutoka, Kichina hakikutoka. Nikaenda chumbani, nikatoa barua yako ya Septemba chini ya godoro, nikampa Baba. Babu, Baba hajawahi kusoma barua yako hata moja. Zile salamu zake zote nilikuwa naziandika mwenyewe. Alizoea kuuliza tu, "Mzima?" nami nasema mzima, basi.

Akaisoma kwa sauti. Mimi nikamgeuzia Mama sentensi baada ya sentensi. Mpunga, Bi Sawa, goti. Tulipofika pale pa katikati, Mama akaninyooshea mkono.

"Hebu simama. Hapa palikuwa na figili."

Hapo ulituona tumenyamaza ukadhani nimekwama. Sikukwama. Septemba ile nilipomsomea barua hiyo jikoni, nilifika kwenye maneno yako nikaona siwezi. Na kunyamaza siwezi vilevile, maana Mama alikuwa ananitazama. Juu ya ubao wake palikuwa na figili. Nikasema Babu anasema figili za mwaka huu zimekubali sana, amezianika chini ya paa, na angefurahi na sisi tungeanika. Nikaweka figili mahali pako pa kukiri, Babu. Mama kesho yake alinunua sita.

Sasa akasema, "Nilizisugua kwa brashi. Nikazitundika kati ya soksi, chumvi yake nikamuuliza mpishi wa mkahawani. Miaka kumi na nane nimeolewa. Nilifikiri safari hii ameniandikia mimi." Ndipo alipolia. Wewe ulidhani ni kwa ajili ya dawa. Ilikuwa vyote viwili, lakini figili zilitangulia.

Nikamgeuzia pale pa katikati, pote, sikuacha hata nukta. Ile "nilikulisha dawa ili nipate barua" alinirudisha mara mbili. Halafu akasema neno, ukaniuliza kasema nini, nikakujibu "hakuna kitu." Alisema hivi: "Mwambie yeye angalau alipata barua. Mimi nalala chumba cha pili na sikupata hata hiyo."

Mengine uliyasikia. Baba aliuliza tangu lini, nikasema tangu Aprili. Aliuliza kwa nini. Nilisema kwa sauti ndogo, labda hukusikia, kwa hiyo naandika. Mwanzoni nikizinywa, darasa lilikwenda mbali, kama limefunikwa pamba, na sikuogopa kuitwa kusoma. Kurumi ndiye aliyenionyesha. Alidhani ananisaidia. Baadaye darasa halikwenda mbali tena, ila nisipokunywa lilikuja karibu mno. Siku Kurumi alipoanguka nilikuwa nyuma yake kwenye ngazi. Nilikuwa na nyingine mfukoni, alizonigawia yeye, na usiku ule nilizimeza. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Baba akasema, "Ungesema."

Mama akamrukia, kwa Kijapani chake kilekile kibovu kizuri, "Aseme kwa nani? Wewe unaingia na kutoka kama mwizi!"

Baba akasema, "Kama yeye," akakunyooshea kidevu.

Ukasema, "Eeh?" Hakuna aliyekujibu. Nakujibu mimi. Alisema kama wewe.

Jumanne tulikwenda kwa daktari wote watatu, Baba akaomba ruhusa kazini. Daktari ni mama mmoja mwenye sauti ya chini. Hakunigombeza. Amesema niende kila wiki, na kwamba huenda nitateleza, nizinywe tena, na nikiteleza niseme siku hiyohiyo. Kisha akawaambia wazazi wangu kuna darasa la familia kila Alhamisi.

Mama akasema, "Mtoto ndiye anayeumwa, mimi ndiye nipelekwe shule?"

"Ndiyo, mama," akasema daktari.

Mama amenunua daftari lenye picha ya sungura.

Kurumi yuko kwao na bibi yake. Nimemwandikia kwamba nimesema nyumbani. Hajajibu.

Mjukuu wako,
Chizuru


Namerikawa, 17 Desemba

Mjukuu wangu Chizuru,

Marahaba. Theluji ilianza juzi, misonobari imeshika vizuri. Maandazi tulikula na Bi Sawa, akasema mkwe wangu ana mkono, na yeye si mtu wa kusifu.

Sikio langu la kulia ni zima. Noboru alipofungua mlango alikuwa upande wa kulia. Nilisikia. Nilisema "eeh" ili kama anataka kulisema tena aliseme, na kama hataki asilazimike. Akasema karibu. Nikaipokea ile karibu. Hiyo ya "kama yeye" nayo niliisikia. Amesema kweli, na sina la kuongeza kwenye karatasi.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya mama yako. Nimeiandika kwa kalamu ya kawaida, herufi kubwa. Usimsomee. Aisome mwenyewe hata ikimchukua wiki.

Wala hulazimiki kunijibu upesi. Una kazi kubwa mikononi.

Babu yako,
Tokuji


Yokohama, 11 Februari

Babu, shikamoo.

Natumaini theluji haijakufungia mlango. Hapa ilianguka siku moja tu, ikayeyuka kabla ya saa ya chakula, na treni zote zikachelewa kama vile umeporomoka mlima.

Mama alisoma barua yako kwa siku tisa. Alikaa na kamusi mezani, akinikuta nachungulia ananifukuza. Nilimuuliza umemwandikia nini. "Yangu," akasema. Anaiweka mfukoni mwa aproni, imeshapata doa la mafuta.

Januari niliteleza. Shule ilipofunguliwa, siku ya pili, dukani. Nilirudi nyumbani nikakaa pale kwenye viatu nikashindwa kuingia. Mama akanikuta. Hakuuliza kitu, akavua ndara zake akakaa nami. Akampigia Baba simu. Baba alikuja na koti la kazi, akaketi upande wa pili, na ndipo nikasema. Wote wawili wakiwa wameketi, kama ulivyoagiza. Baba alisema, "Asante kwa kusema," kwa sauti ya mtu anayesoma kwenye daftari la sungura, Mama akacheka, nami nikacheka, na yeye akakasirika kidogo. Tangu siku ile sijazinywa. Ni wiki nne. Mkono hautetemeki.

Sanduku la dawa limeshuka kutoka kabatini. Liko mezani, na Jumapili tunalifungua wote. Mara nyingi ni plasta za vidole vya Mama tu.

Kurumi amejibu. Aliandika mstari mmoja: "Bibi yangu anauliza umesemaje." Nimemwandikia kurasa tatu.

Darasani niliitwa kusoma wiki iliyopita. Nilisoma. Sauti ilikuwa ndogo, mwalimu akasema "kwa nguvu kidogo," nikarudia. Basi, hakuna kilichotokea.

Baba anakusalimu. Safari hii ni kweli, maneno yake ni haya: "Mwambie avae soksi mbili."

Figili zilitoka za chumvi kupita kiasi. Tunazila hivyohivyo, nyembamba, na wali mwingi. Moja Mama amekuwekea, utaikuta kwenye karatasi ya bati. Na lile puto lenye mistari myekundu bado lipo, lilikuwa limesinyaa, jana nimelipuliza upya.

Babu, nimefika chini kabisa ya ukurasa, na sijakuomba kitu.

Mjukuu wako,
Chizuru